Nafasi Isiyokuwa na Vumbi

Tulipomzika mama mkwe kule Muthara, kazi niliyopewa ni kukata kabichi. Sikatai kukata kabichi. Mke wa boma lazima aonekane na kisu mkononi siku kama hiyo, la sivyo watu watasema alikuja kama mgeni. Lakini katika boma lile zima ni mimi peke yangu ninayekula kwa kupiga taipu, na programu za mazishi zilipofika asubuhi, katoni nzima, karatasi ya kung'aa, marehemu akicheka kwenye jalada, hazikutoka kwangu. Zilibebwa na Wawira. Alizigawa mwenyewe, hema kwa hema, kwa mikono miwili kama mtu anayegawa sakramenti, na alipofika upande wa masufuria akaniangukia shingoni. “Mama Kinya! Woi, pole, pole sana mpenzi. Miaka yote hii! Na vile umenona!” Nilisimama wima, kisu kimeelekea chini, mpaka akamaliza kunikumbatia. Kisha nikafungua programu. Ukurasa wa pili, kwenye orodha ya wakaza wana, nikajikuta nimeandikwa: Mama Kinya wa Timau. Sijawahi kuishi Timau hata wiki moja. Miaka saba imepita, na mwanamke huyu bado ananihamisha. Mama aliyekuwa akimenya viazi kando yangu akaniuliza, “Kwani huyo ni dada yako?” Nikamwambia, “Aliwahi kuwa.” Akaangalia kisu changu, akasogeza kiti chake.

Watu husema hasira ikikaa sana inapoa. Yangu haijapoa, na sioni kwa nini nijifanye. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na moja, na tulikaa Kaaga, kando ya mji, kwenye chumba kimoja na nusu. Hiyo nusu ilikuwa kipande kilichokatwa kwa pazia ili wageni wasione kitanda. Asubuhi kengele za shule zililia moja baada ya nyingine, na hakuna mbili zilizokubaliana ni saa ngapi, kwa hivyo mimi nilifuata ile ya kwanza kwa kuamka na ile ya mwisho kwa kuanza kazi. Meza ya kompyuta ilikuwa chini ya dirisha. Muthomi, baba Kinya, alikuwa akifanya kazi ya maua Timau, kwenye zile nyumba za plastiki, akilala kwenye vyumba vya wafanyakazi. Alikuja Jumamosi mchana akaondoka Jumapili baada ya kanisa. Nywele zake zilinuka dawa ya kunyunyizia hata akioga mara mbili. Na kila Jumamosi, kabla hajafungua kamba za viatu, aliniambia neno lile lile: “Hamia Timau. Wanatafuta wanawake wa kufunga maua.” Na kila Jumamosi nilimjibu kwamba kule kuna baridi ya kuua mtoto, na kwamba mimi nina kazi yangu. Alikuwa anacheka. Mimi nilidhani ni kucheka tu.

Kazi yenyewe ilitoka kwenye ofisi ndogo ya taipu karibu na soko, nilikoajiriwa baada ya kumaliza kidato cha nne. Tulikuwa wasichana wawili, mimi na Wawira, yeye mtu wa Embu, mkubwa wangu kwa miaka mitatu, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Yeye ndiye alinifundisha kila kitu ninachokijua kuhusu hiyo mashine. Siku moja nilimuuliza memori ni nini, akafagia vitu vyote mezani kwa mkono, akaweka kitabu kimoja, akaweka cha pili, cha tatu kikaanguka. “Memori ni upana wa meza,” akasema. “Ukiwa na meza ndogo, lazima uondoe hiki ndipo ufungue kile. Mashine si mjinga wala si mvivu, inahangaika tu kupanga vitabu.” Mwenye ofisi alipochoka na biashara, akatuambia tujigawie vilivyobaki, mmoja kompyuta, mwingine printa. Wawira hakufikiria hata dakika. “Chukua kompyuta wewe,” akasema. “Una mimba, utafanyia nyumbani. Mimi nitatafuta kibanda niweke printa.” Hakuna mtu alikuwa amewahi kunipa kitu namna hiyo. Tukawa kama jembe na mpini: mimi napiga taipu Kaaga, naweka kwenye flashi, yeye anaichomeka moja kwa moja kwenye printa na kuchapa mjini. Walimu walikuja kwangu na mitihani iliyoandikwa kwa mkono, mingine imeandikwa nyuma ya bahasha, nami nikaipanga, nikachora jicho la binadamu na figo na ramani za mvua, mpaka mwalimu mmoja wa sayansi akasema figo yangu ni nzuri kuliko ya kitabu.

Mama mkwe alipoiona kompyuta mara ya kwanza aliipima kwa macho. Alirudi Muthara, na mwezi uliofuata akaja na kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kina maua ya manjano pembeni, akaivika mashine kutoka kichwani hadi karibu sakafuni, kama alivyovika redio yake na televisheni yake na jagi la maji. “Kitu cha maana hakikai uchi,” akasema. Na kwa kuwa ni mama mkwe, hakuna aliyethubutu kukitoa, hata wakati mashine inafanya kazi. Nilikikunja kidogo tu pale mbele, kwenye kitufe, kama mtu anayefunua uso wa bibi harusi.

Kinya alizaliwa wakati wa mvua ndefu. Kwetu mama aliyejifungua haachwi peke yake. Wanawake huja na kuni na maji na unga, wanakupikia ucuru, ule uji wa wimbi uliochacha, wanaujaza kwenye chupa ya chai ukae moto, na wewe kazi yako ni kunywa na kunyonyesha. Mambo ya nyumba huulizi. Aliyekuja kukutunza ndiye mwenye nyumba mpaka upate nguvu. Ukianza kuhesabu vijiko na kuchungulia kabati, umemtukana. Mama mkwe alikaa siku nne, kisha ng'ombe wake wakamwita, na mlangoni akaniambia nikiwa nimelala: “Huyo Wawira ni mtu. Anayekupikia ucuru hafuatwi na macho.” Nami sikumfuata na macho. Wiki sita. Wawira alifunga kibanda chake na kuja kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, akafua nepi, akanikanda tumbo kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele. “Lia tu,” alikuwa akiniambia. “Wakati wa kutengeneza hukulia.” Akishikilia kikombe mdomoni pangu: “Kunywa! Ama unataka mtoto anyonye maji ya mfereji?” Mchana aliketi kwenye kompyuta yangu akafanya kazi zangu ili walimu wasitoroke. Nililala nikisikia vidole vyake kwenye kibodi, na ile sauti ilinituliza kuliko wimbo.

Jumamosi moja, Kinya akiwa na wiki tatu, nilikuwa nyuma ya pazia nikinyonyesha. Muthomi alikuwa amefika. Nikasikia kitambaa kikivutwa, kisha chuma kikigusa chuma.

“Hiyo ni bapa. Lete ile bisibisi ya nyota,” Wawira alinong'ona.

“Hii?”

“Ii. Shika hapa basi. Polepole, ataamka.”

“Nani, mtoto ama mama?” Muthomi akauliza, na wote wawili wakacheka kwa pua, kama wanafunzi wakati wa sala. Halafu nikamsikia mume wangu akisema, “Usimwambie saa hii. Ataanza kusumbuka na maziwa yapotee.”

Nilijua wanafungua mashine. Mnataka nifikirie nini? Nilifikiri wanaisafisha. Nilifikiri wananiandalia kitu, labda wameona ilivyojaa vumbi na wanataka niinuke nikute inang'aa. Machozi yalinitoka, na nikamwambia mtoto sikioni, “Unaona vile tunapendwa.” Nikikumbuka hayo maneno leo, nataka kujipiga kofi.

Niliporudi mezani, nepi zangu nikifua mwenyewe sasa, mashine haikuwa ile niliyoiacha. Nilibonyeza kitufe, nikaweka maji ya mtoto jikoni, yakachemka, nikarudi nikakuta kiduara bado kinazunguka. Nikifungua mtihani mmoja, sawa. Nikifungua wa pili wenye mchoro, skrini inaganda kama mafuta ya kondoo. Herufi nilizopiga zilikuja baadaye, zote kwa pamoja, wakati nimeshasahau nilikuwa nikisema nini. Nililaumu kitambaa cha mama mkwe, nikasema kinaizuia kupumua. Nikakifunua kwa siri, sikuona tofauti, nikakirudisha. Nikalaumu umeme. Nikajilaumu mwenyewe, kwamba nimezaa nikawa mzito. Na katikati ya hayo akaja naibu mkuu wa shule moja ya wasichana pale jirani, mwanamke mrefu ambaye hakuwahi kukubali kiti. Alisimama mlangoni akasema shule kadhaa zimeamua kufanya mtihani wa pamoja kila muhula, masomo yote, na wanataka mtu mmoja wa kuaminika wa kupiga taipu, asiyevujisha. “Nimekutaja wewe,” akasema. “Lakini nataka mashine isiyolala. Nipe jibu kabla ya mwezi kuisha.”

Hiyo haikuwa kazi ya bahasha. Kwa kazi hiyo ningekaa Kaaga na mtoto wangu miguuni, mtu mwenye jina. Bila hiyo, na mashine inayokufa, wale walimu wachache wangeondoka mmoja mmoja, na mimi ningefunga vyombo kwenye shuka na kwenda kufunga maua kwenye baridi. Jambo lilikuwa wazi hivyo. Niongeze memori, au nisiongeze.

Nililiweka mezani Jumamosi. Wawira alikuwa amekuja na mukimo kwenye sufuria iliyofungwa kwa taulo, bado akija kama dada, na Muthomi alikuwa ameketi kwenye kitanda kwa sababu viti vilikuwa viwili. Nilipakua, nikasema, “Nataka kuongeza memori. Mnaonaje?”

Wawira hakumeza kwanza. “Wacha,” akasema. “Hiyo bodi ni ya zamani. Ukiongezea memori itaungua. Nimeona moja ikitoa moshi.”

“Wewe uliona wapi?”

“Embu. Kwa binamu yangu.”

“Si ulisema memori ni upana wa meza? Meza ikipanuliwa inaungua?”

“Gatwiri, usinishike maneno. Meza ikiwa imeliwa na mchwa, ukiongeza ubao inaanguka.”

Muthomi akacheka, akanyoosha sahani aongezwe. “Mimi naiona hivi. Ng'ombe akizeeka humwongezei chakula ati atoe maziwa. Unamwacha apumzike, unatafuta njia nyingine.”

“Na njia nyingine ni Timau,” nikasema.

“Mimi sijasema. Ni wewe umesema.”

“Na ng'ombe ni nani hapa, ni kompyuta ama ni mimi?”

“Aki huyu!” Wawira akapiga kofi pajani, tukacheka wote watatu, mpaka Kinya akashtuka. Niliwapakulia tena wote wawili. Hicho ndicho kinaniuma kuliko yote, kwamba niliwaongezea chakula. Walikuwa wameketi mita moja kutoka kwa ile mashine, wanajua kilicho ndani, wananisaidia kuamua.

Kama Wawira angesema wacha mara moja, ningewacha. Lakini alisema siku hiyo, akasema tena Jumatatu kwa simu, akasema tena Jumatano aliponiletea karatasi, na mara ya mwisho akanishika mkono kabisa: “Niahidi hutaipeleka kwa mafundi wa Makutano. Wale ni wezi, wanatoa vitu vizuri wanaweka vibovu.” Nikaahidi. Alhamisi nikaamka nikajiuliza, mtu huyu ambaye hajali hata mvua, anaogopea nini kisanduku cha chuma? Sikuwa bado namshuku. Nilitaka tu mtu wa tatu aniambie kama itaungua. Kwa hivyo nikamfunga Kinya mbele, kifuani, na ile CPU, kisanduku chenyewe, nikaifunga mgongoni kwa leso, na kitambaa cha mama mkwe juu yake. Wanawake njiani walinisalimia wakichungulia mgongoni waone mtoto, wakakuta chuma, wakanitazama usoni kama mtu aliyepatwa na jambo.

Fundi aliitwa Koome, kijana mpole mwenye kibanda nyuma ya wauza mitumba wa Makutano. Alifunua kitambaa akaguna. “Mama, hii mmeizika ama mmeioza?” Akatoa skrubu. Ya tatu alipoishika akaisogeza karibu na macho. “Hii ni ya mbao. Ni ya kabati. Nani alifungua hapa?”

“Hakuna. Tangu niichukue ofisini haijafunguliwa na fundi.”

Akatoa upande wa sanduku, na vumbi likaanguka kama unga wa kinu. Ndani kila kitu kilikuwa na blanketi la kijivu. Koome akawasha tochi ya simu, akainama. Kisha akaniita kwa kidole. “Njoo uone. Hii ni nafasi ya memori. Iko na moja, sawa? Hii vumbi yake ni ya miaka.” Akasogeza mwanga upana wa kidole. “Sasa hii ya pili, angalia.” Ilikuwa nafasi ndefu, nyembamba, tupu, na ndani yake ni safi. Nyeusi ya kung'aa. Pembeni vumbi limejaa mpaka ukingoni, halafu pale katikati hakuna kitu, kama alama inayobaki ukutani picha ikitolewa. “Mama, hii mashine ilikuwa na mbili,” Koome akasema. “Mtu ametoa moja, na si zamani. Miezi michache. Hujapungukiwa na memori. Umepunguzwa.”

Sikuuliza nani. Nilisikia tena wakinong'ona, hiyo ni bapa, lete ile ya nyota. Niliketi kwenye gunia la mitumba la jirani, na Kinya akaanza kulia, na nikamnyonyesha palepale mbele ya wateja, maana maziwa yalikuwa yameanza kutoka yenyewe. Koome aligeuka akajifanya anatafuta skrubu.

Kibanda cha Wawira hakikuwa mbali. Nilimwacha fundi na mashine nikaenda na mtoto. Nilikuwa sijafika pale tangu nizae, yeye ndiye aliyekuwa akija kwangu. Nikakuta kuna meza ya pili, na juu ya meza kuna kompyuta. Hakuwahi kuniambia ana kompyuta. Ilikuwa imefungua mitihani mitatu kwa pamoja, na alikuwa akiruka kutoka huu hadi ule bila kungoja hata pumzi moja. Aliniona, akaona uso wangu, akaondoa mikono kwenye kibodi.

“Umeipeleka,” akasema.

“Ifungue.”

“Gatwiri, keti kwanza.”

“Wawira, ifungue hiyo mashine nione kitu changu.”

“Ni yako, sikatai. Lakini mimi si mwizi. Muthomi alinipa. Alinishikia taa yeye mwenyewe, mume wako.” Akasimama. “Wewe unakumbuka wiki sita ama umesahau? Nilifunga hapa. Nilifua nepi za damu. Nilikukanda mpaka vidole vikafa ganzi. Ulisema asante. Asante inawekwa wapi kwenye kompyuta? Nilikuwa nimepata hii bila memori, nikamwambia Muthomi sina pa kuanzia, akasema chukua moja, hatajua, na hata hivyo anahamia Timau.”

“Nani anahamia?”

“Si ni wewe. Muthomi ameambia kila mtu. Hata yule naibu mkuu wa mtihani wa pamoja anajua, mumeo alimwambia kanisani. Ndiyo maana juzi akapita hapa kuniuliza kama mimi naweza.”

“Ungeniomba,” nikasema.

“Ungekataa.”

“Ningekupa!”

Tulitazamana. Nilikuwa nimesema kwa sauti ya kujiamini, na mpaka leo nikiwa peke yangu najiuliza kama ni kweli ningempa. Labda ningekataa. Labda ningemwambia angoje. Lakini hiyo ilikuwa haki yangu, kukataa, na waliitoa pamoja na ile memori. Wawira akaanza kulia, naye analia vizuri, uso wote unalowa. “Na ile wacha, wacha, itaungua?” nikamuuliza. “Ulikuwa unakuja na mukimo nyumbani kwangu kuniambia itaungua.” Akajibu huku akifuta pua, bila hata uongo mwingine wa kujisitiri: “Kama ungeongeza, ungeifungua. Ningefanya nini?” Sikumgusa, wala sikugusa mashine yake. Nilikuwa na mtoto mikononi, na nilijua nikimweka chini nitafanya jambo ambalo Kinya angesimuliwa akikua. Nikatoka.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo watu wa Muthomi hunisema hadi leo, na sijaliomba msamaha. Muthomi alikuwa na wufa, ile spika kubwa nyeusi yenye taa za buluu, aliyoipenda kama mtoto wa kwanza. Nilimpelekea Koome. Nikamwambia, “Hii ni yako, unipe memori inayofaa.” Akaniuliza kama mzee anajua. Nikamwambia kwangu siku hizi vitu vinatoka bila mtu kuambiwa. Hakuuliza tena. Alinipa kibao kirefu cha kijani, kipana kama vidole viwili, akanionyesha jinsi ya kukisukuma mpaka kilie tak pande zote mbili, kisha akakitoa akaniambia nifanye mwenyewe. Nilikisukuma mwenyewe. Kitambaa sikukirudisha. Siku hiyo nilikuwa sina heshima ya kubakiza.

Muthomi alifika Jumamosi, akaona ukuta wazi pale wufa ilipokuwa, akasimama na kiatu kimoja mkononi.

“Wufa iko wapi?”

“Iko ndani ya kompyuta.”

Hakuelewa, kisha akaelewa. Niliona ikimfikia, kama mtu anayemeza mfupa. Aliketi. Nilikuwa nimepika githeri na sikumpakulia. Ilikuwa pale katikati yetu ikitoa moshi. Nilitegemea atakataa, na nilikuwa nimejitayarisha kwa kukataa. Hakukataa. Alisema, “Sikutaka kukulazimisha. Nikikulazimisha, maisha yako yote utasema nilikulazimisha. Nilitaka uchoke mwenyewe.” Aliyasema kama mtu anayeeleza wema. Alikuwa amechoka kulala peke yake, akasema, amechoka kumwona mtoto siku moja kwa wiki na kukuta amesahau uso wake. Wawira alipoomba, akaona ni njia isiyo na ugomvi: dada wa watu analipwa, mashine inalegea polepole, mimi nahama nikidhani ni uamuzi wangu. “Sikuiba, Mama Kinya. Nilipanga.”

Sisi bado ni mume na mke. Watu wakisikia haya huniuliza kwa nini. Ana mikono mizuri na watoto, halewi, na huleta kila anachopata. Angenipiga ningejua pa kwenda kusema. Lakini mtu aliyekaa akaangalia kiduara kikizunguka mbele ya macho yangu, wiki baada ya wiki, akisikia nikijilaumu kwamba nimekuwa mzito baada ya kuzaa, na akanyamaza akala, huyo utampeleka kwa chifu gani? Tangu siku hiyo akiniambia jambo la kawaida kabisa, kwamba mvua itanyesha, natoka nje kuangalia.

Niliwasha mashine mbele yake. Ilifunguka kabla hajamaliza kuvuta kiti, nikafungua mtihani wa jicho, na wa figo, na wa ramani, na wa hesabu wenye grafu, yote pamoja, nikaruka kati yake. Alisogea akasimama nyuma yangu. Akasema polepole, “Kumbe huwa hivi?” Ndipo nikajua hakuwahi hata siku moja kuniangalia nikifanya kazi mashine ikiwa nzima. Alitoa kitu bila kujua kinafanya nini.

Jumatatu nilimbeba Kinya nikaenda shuleni kabla ya kengele. Naibu mkuu alikuwa amesimama uwanjani akihesabu wasichana waliochelewa. Aliponiona alionekana kama mtu aliyekutana na aliyesafiri. “Gatwiri! Mimi nilidhani mmeshaenda Timau. Nimeshaongea na mwenzako.”

“Siendi, mwalimu. Mashine iko tayari. Hailali.”

Aliniangalia, akaangalia mtoto, akawaacha wale wasichana wakapita bila kuhesabiwa. Sauti akaishusha, kwa huruma kabisa, kama mtu anayetaka kunisaidia nisiharibu nyumba. “Na mzee amesemaje?”

“Sijamuuliza,” nikamwambia. “Karatasi ziko wapi?”